Siku ya kushukuru tuiweke pale mpunga wetu uko

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa mashinani mbele ya mkutano mkuu wa chama, Lusangi, mwezi wa kumi 2025. Tumeyaandika vile yalisemwa, tumepunguza kidogo tu.

 

Komite iliniomba niseme juu ya sikukuu ya kushukuru, ile ndugu zetu wa Marekani wanatutumia pesa kila mwezi wa kumi na moja tuifanye. Niseme tutapika nini, watoto watatengeneza nini kwa mikono, pesa itaenda wapi. Nilikubali mara moja juu niko na deni. Deni yenyewe nitaianza nayo, kisha tutaingia jikoni.

Mwaka jana, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, tulifanya sikukuu hapa. Munakumbuka. Ndugu walituma dola 150, na ujumbe kwenye simu unasema: mufanye Thanksgiving kama sisi, mutupigie picha. Ni neno la Kiingereza, maana yake kushukuru tu. Mimi ndiye nilisimamia ile kazi. Mchele tulitafuta Kasongo juu hapa haukuwako. Pikipiki mbili zilienda, mvua ilizishika njiani, zilifika siku ya tatu na mfuko mmoja umelowa. Kuku tulinunua kwa bei ya mtu mwenye haraka. Siku mbili mbele ya sikukuu pesa ilikuwa imekwisha, na watu tuliowaalika walikuwa zaidi ya mia. Nikasema nini? Nikasema kila nyumba ilete kitu.

Mama mmoja alileta beseni ya karanga. Nilipokea, nikaandika jina lake kwenye kaye, nikamupiga picha anacheka. Picha ile ilienda mpaka Kentucky, watu waliipenda sana. Mwezi wa pili nilipita kwake, nikakuta wenzake wanapanda karanga za msimu wa pili, yeye amekaa. Nikamuuliza: "Mama, wewe hupandi?" Akaniangalia. Akasema, "Papa, mbegu yangu si mulikula?"

Alikopa beseni moja kwa jirani, kwa sharti ya kurudisha mbili. Amerudisha mbili. Ameniruhusu niseme hii habari bila kutaja jina, na yuko hapa ndani, kwa hiyo siwezi kuongeza wala kupunguza. Mimi nimesoma maendeleo ya vijijini, niko na karatasi ya chuo kikuu nyumbani imefungwa na plastiki. Lakini sikujiuliza swali dogo sana: mwezi wa kumi na moja, karanga zinazobaki ndani ya nyumba ya mtu ni karanga za nini?

Wamama wote hapa wanajua jibu. Mvua inaanza mwezi wa tisa. Tunapanda. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja tunapalia, mpunga ungali majani, mahindi yangali machanga, na kile kilibaki gudulani ni kidogo na kiko na kazi yake. Ndiyo miezi ambayo watoto wanakula mara moja kwa siku, na muhogo ndio unatubeba. Halafu karanga na mahindi mabichi vinaanza kuingia karibu na Noeli, na mpunga tunaukata mwezi wa kwanza na wa pili. Kwa hiyo mwaka jana tulifanya sikukuu ya mavuno katikati ya njaa. Tulishukuru kwa mchele wa duka.

Kule kwao iko tofauti. Kule Marekani mwezi wa kumi na moja ni baada ya mavuno. Baridi inaingia, majani ya miti yanageuka mekundu na manjano halafu yanaanguka yote, mti unabaki mtupu kama umekufa. Dada yetu mmoja alinisimulia kwamba mwaka wa kwanza alipofika kutoka Nyarugusu alidhani kuna ugonjwa wa miti. Ndiyo maana watoto wao shuleni wanaokota yale majani, wanayabandika kwenye karatasi, wanafanya mapambo. Wanaweka mkono juu ya karatasi, wanazungusha kalamu, vidole vinakuwa manyoya na kidole gumba kinakuwa kichwa: tayari imekuwa dendo, ule ndege mkubwa ambao Watanzania wanaita bata mzinga. Kisha siku yenyewe wanamuoka mzima, na boga wanalifanyia keki ya sukari.

Habari yake ni ya mwaka 1621. Waingereza waliovuka bahari walikuwa wamefika pale Plymouth mwaka moja mbele, na wengi, karibu nusu yao, walikufa ule mwaka wa kwanza. Wenyeji wa pale, Wawampanoag, waliwaonyesha kupanda mahindi, na wakati wa mavuno walikula pamoja siku tatu. Wenyeji walileta paa watano. Baadaye Prezida Lincoln alitangaza siku ya kushukuru kwa nchi nzima, mwaka 1863, wakati wao kwa wao walikuwa wanapigana vita, na mwaka 1941 sheria ikaiweka alhamisi ya nne ya mwezi wa kumi na moja. Mwaka huu itaanguka tarehe 27.

Sisi watu tuliokimbia tukarudi, tusisikilize hii hadithi upande mmoja. Wale wenyeji walipokea wakimbizi, halafu mashamba yao yakaenda. Wajukuu wao, tangu mwaka 1970, wanakusanyika Plymouth ileile siku, na kwao ni siku ya maombolezo. Hapa Lusangi kuna mtu asiyejua ugomvi wa shamba kati ya aliyebaki na aliyerudi? Nasema hii kidogo tu, juu tukialika watu tualike na wale waliobaki wakati sisi tulikuwa ng'ambo ya ziwa. Mwaka jana hatukuwaalika. Walisikia harufu ya kuku.

Sasa nifike kwa chakula. Ndugu zetu wanatuambia tule kama wao, lakini wajue kwamba meza yao na meza yetu ni ndugu. Mahindi yalitoka Amerika. Muhogo ulitoka Amerika, karanga vilevile, viazi vitamu vilevile, na boga. Vyote vilivuka bahari zamani vikafika Afrika, na leo mtu akikuambia sombe si chakula cha wazee wetu utamupiga. Mchele ndio ulikuja kwa njia nyingine, kutoka mashariki, na watu wa pwani, wakati wa Tippu Tip akiwa na makao Kasongo. Ule wakati ulituletea mabaya mengi, minyororo na moto. Mpunga ulibaki, na leo Maniema bila mpunga haiko Maniema.

Basi tukiweka siku yetu mwanzoni mwa mwezi wa pili, tutakuwa na nini? Mchele mpya. Yule aliyekula mchele mpya wa mlimani, uliotwangwa leo kwa kinu na kupikwa leo, anajua hauombi mboga mingi. Unanuka wenyewe. Tena mchele mpya hautaki maji mengi kama ule wa dukani uliokaa mwaka mzima; mukitia maji ya mazoea utakuwa uji. Wamama watatu wanaojua moto ndio wasimamie sufuria, wengine tusogee.

Sombe tutapika, hiyo haina mjadala. Lakini kwa watu mia sombe inapikwa kwa haraka, na hapo ndipo tunakosea. Majani yawe machanga ya juu, yatwangwe vizuri, yachemke muda mrefu, na mwanzoni sufuria ibaki wazi ili ile sumu ya muhogo itoke na moshi. Baadaye ndipo tunaweka kitunguu, bilanga, mawese na unga wa karanga, chumvi mwisho. Na bugali vilevile: muhogo mchungu ukae ndani ya maji siku tatu kamili, siyo moja na nusu juu wageni wanafika. Kule Bandundu watu walipata ugonjwa wa konzo, miguu inakauka mtu hatembei tena, sababu muhogo haukulowekwa vya kutosha na hakukuwa na chakula kingine pembeni. Wengi waliopata walikuwa wamama na watoto. Sisemi kuwatisha. Nasema sababu nimeona nyumba zinazopunguza siku za kuloweka wakati wa njaa.

Samaki wa Luama wakipatikana ni furaha. Wakikosekana tutatumia ndakala wa Tanganyika, wakaangwe kavu kwanza na kutiwa kwenye karanga. Kuna na mbika. Wengi tunatupa mbegu za boga au tunawapa kuku. Zikaushwe, zikaangwe kidogo, zitwangwe, zichanganywe na samaki, pilipili na chumvi, zifungwe ndani ya majani ya ndizi yaliyopitishwa motoni, ziive juu ya makaa. Hiyo ni nyama ya mtu asiye na nyama. Na boga lenyewe, pahali pa keki ya sukari, tulipike na unga wa karanga na chumvi kidogo, kwa watoto tuponde ndani na ndizi zilizoiva. Nilijaribu nyumbani, watoto wangu walilamba sahani. Lakini mutoe zile mbegu nzuri za kupanda mbele ya kukaanga, nisije nikarudia kosa langu.

Mbuzi atakuwa mmoja au wawili, kulingana na mfuko. Nani atachinja? Napendekeza achinje ndugu Mwislamu, kwa bismillahi yake, ili kila mtu ale bila kujiuliza. Wakristo hatupotezi kitu. Mwaka jana kuku walichinjwa ovyo jikoni, na ndugu zetu kumi na mbili walikaa wanakula mchele mkavu na chumvi, kwa adabu yao hawakusema neno. Katika nchi ya Kasongo, ambapo Uislamu uko kwa zaidi ya miaka mia, hiyo ilikuwa haya kwetu. Na lotoko haitaingia. Vijana, ninyi kule nyuma, nimewaona munacheka. Haitaingia. Tutachemsha mchaichai na tangawizi.

Upande wa mikono, yaani vile watoto na wamama watatengeneza, niliombwa nitafute vitu rahisi visivyonunuliwa. Sikuenda mbali. Munajua vile tunatunza mbegu ya mahindi: unachagua magunzi makubwa yaliyojaa, unavuta maganda nyuma bila kuyang'oa, unayasuka mawili mawili au yote kama nywele, unatundika juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Ule msuko ni pambo. Mzuri kuliko karatasi yoyote. Kwa hiyo kila nyumba ilete msuko wake moja, tuutundike kwenye mlango na nguzo za hangari, na mafungu ya mpunga yakiwa na suke zake yatundikwe pembeni. Kila msuko uwe na alama ya mwenyewe, kitambaa chekundu, kamba ya mgomba, kile anachotaka. Jioni sikukuu ikiisha, kila mtu anabeba wake na kurudisha juu ya jiko lake. Pambo linaenda kupandwa. Hapo hata mimi siwezi tena kula mbegu ya mtu.

Vibuyu pia. Wazee wanatunza mbegu ya maharagi ndani ya kibuyu na jivu, kinazibwa kwa kigunzi na udongo. Kijana akichukua msumari aliouweka motoni anaweza kuchora kibuyu: samaki, njia, jina la mama yake, mwaka wa kurudi. Nilikiona kimoja kimechorwa meli. Mwenyewe alirudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, na kutoka pale kwa miguu na lori. Tangu mwaka 2005 wengi wetu tulipita ile njia. Nilimuomba anifundishe, akasema kwanza nimletee kibuyu. Bado sijamuletea.

Kwa watoto kuna magari ya mabua ya mahindi, na hiyo hawahitaji mwalimu, wao ndio watatufundisha. Kuna wanasesere wa magunzi, wale wenye nywele za mahindi. Mavazi yanashonwa na ganda. Na ile ya kuchora mkono kwenye karatasi, sisi karatasi hatuna ya kupoteza. Tuko na ukuta wa shule. Udongo mweupe tunao, mwekundu unao kila mahali, na mkaa. Unasaga kila moja peke yake, unalainisha na maji yaliyopikwa na unga kidogo wa muhogo ili ishike, mtoto anachovya kiganja anabandika ukutani. Dendo hatumjui, basi vidole viwe mkia wa jogoo. Chini yake aandike jina lake kwa mkaa; asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake. Mwalimu mkuu ameniruhusu ukuta wa upande wa barabara, ule mwingine amekataa. Hayo makubaliano tuyaheshimu, nawaomba wazazi.

Mlango wa kuingia tutasimamisha upinde wa majani ya mungazi, kama vile tunafanya kwa mgeni mkubwa. Wamama wanaosuka mikeka na vitunga walete kazi zao waziweke pembeni. Akipatikana mnunuzi ni baraka, asipopatikana tutaikalia mikeka.

Nirudi kwa siku, maana hapa kuna hesabu. Mwaka kesho Ramadhani itaanza karibu na tarehe 18 mwezi wa pili, mwezi ukionekana. Hatuwezi kuweka meza wakati nusu ya chama inafunga. Ijumaa hapana, jumamosi kuna ndugu zetu Waadventista, jumapili kila kanisa liko na ibada yake. Mwezi wa kwanza kabla ya tarehe 20 mpunga wa wengi utakuwa haujakatwa. Napendekeza alhamisi, tarehe 5 mwezi wa pili 2026. Na kumbe alhamisi ni siku yao wale wa Marekani pia, kwa hiyo tuko ndugu kwa siku ya juma angalau. Mpunga ukichelewa juu ya mvua, komite itasogeza kwa juma moja, siyo zaidi.

Pesa. Hapa ndipo naomba munisikilize hata kama mumechoka. Mwaka huu 2025 munaona vile iko. Misaada ya serikali ya Marekani ilikatwa mwanzoni mwa mwaka. Shirika ninalofanyia kazi lilipunguza watu, nami sijui mwaka kesho nitakuwa hapa kwa mkataba au kwa miguu yangu. Mwezi wa kwanza waliifunga na njia ya wakimbizi kwenda kule. Kuna watu wetu Nyarugusu waliokuwa wamekwisha kupimwa na kuulizwa maswali yote, wamebaki na mifuko iliyofungwa. Kwa hiyo ile dola 150 au 200 ya ndugu zetu imekuwa kubwa kuliko jana. Na wanaoituma ni watu wanaofanya kazi usiku, wanakata nyama ndani ya baridi, wanasafisha hoteli. Tusiipike yote.

Ikifika mwezi wa kumi na moja, karanga ya mbegu ni ghali kabisa, sababu kila mtu anaitafuta na aliyenayo anaificha. Mwezi wa kwanza, wakati wa mavuno, bei inaanguka, na mwenye madeni anauza kwa bei yoyote. Pendekezo langu ni pesa ikae kwa mtunza hazina mpaka karanga zitoke, tununue hapa hapa kwa wanachama wetu, kwa bei ambayo haimuumizi anayeuza, tutunze ndani ya stoo, na mwezi wa pili na wa tatu tuwakopeshe wale hawana. Anayekopa beseni moja anarudisha moja na kopo mbili. Siyo beseni mbili. Zile kopo mbili ni za panya na za mwaka kesho.

Nimesikia sauti kule upande wa wamama: na njaa ya leo je? Ni swali la haki. Mama anayelala na watoto wanne na chungu kitupu huwezi kumuambia angoja bei ianguke. Kwa hiyo ndani ya komite tulibishana mpaka usiku, na mimi nilikuwa nasema pesa yote iwe mbegu. Nilishindwa, na nafikiri nilishindwa vizuri. Robo moja itolewe mwezi huu wa kumi na moja kwa wajane, wazee wasio na mtu, na nyumba zenye mgonjwa: chumvi, sabuni, ndakala, bila ngoma na bila picha. Orodha itasomwa hapa mbele ya watu wote, asiyekubali jina aseme mbele ya watu wote. Sehemu ndogo itabaki kwa mbuzi, mafuta na chumvi ya sikukuu. Mengine ni mbegu.

Kuhusu chakula cha sikukuu kutoka manyumbani: kila nyumba italeta kile imevuna, kwa kipimo cha kopo, siyo beseni. Na asiyevuna halipi na anakula. Tena kaye ya majina haitakuwako. Mwaka jana ile kaye ndiyo iliwasukuma watu kuleta wasichokuwa nacho, kila mtu aliogopa jina lake likose.

Ndugu zetu wafadhili mutakaosoma haya kwenye gazeti letu dogo, nilikuwa naogopa kuwaandikia. Nilifikiri mutasema tumekataa zawadi yenu. Nilimuandikia dada wa Kentucky kwanza, nikamueleza habari ya ile beseni, na kwamba ule mama mwenye kucheka kwenye picha alikuwa anatoa mbegu. Hakujibu siku nne. Siku ya tano alinitumia sauti, nikasikia analia kidogo. Alisema yeye alikulia kwenye hii mvua ya mwezi wa kumi na moja, alipalia mpunga na mamake hapa hapa kabla ya kukimbia, na alikuwa amesahau. Miaka ya kambi ukipokea chakula kwa kadi kila mwezi, alisema, unasahau kwamba chakula kiko na majira. Kisha akauliza kama anaweza kupata kibuyu kilichochorwa. Na akaomba kitu kingine: siku ya tarehe 27 wao wakiwa mezani, tuwatumie sauti ya kinu, dakika moja tu, watoto wake waisikie. Hiyo haigharimu kitu. Kijana wa simu, uko wapi? Njoo unione tukimaliza.

Picha mutapata mwezi wa pili. Mutuvumilie intaneti, ikikataa hapa, tutazipeleka Kasongo na mtu wa pikipiki.

Sasa yaliyobaki ni kazi. Leo naomba mkutano upige kura juu ya tarehe, na juu ya ile robo. Kabla ya kutoka, wamama watatu wa sufuria watajwe, na mtu wa kuchinja, na vijana sita wa kukata majani ya mungazi na kusimamisha upinde. Wale wako na karanga za kuuza mwezi wa kwanza waje wamuambie mtunza hazina tangu sasa, ili ajue pesa itatosha kununua ngapi. Na kama kuna mtu iko na kibuyu kikavu nyumbani ambacho hakitumii, mimi nakitafuta viwili.

 Mama prezida, nakurudishia neno.